Walidhani Naigiza

Kama unasoma hapa huku umefunika upande mmoja wa uso kwa mtandio, kwa leso au kwa kiganja, ushuhuda huu nimeuandika kwa ajili yako. Wengine nao wasome, hawakatazwi. Lakini wewe ndiye ninayekuona mbele yangu ninapoandika.

Mimi ni mchekeshaji. Nimezaliwa Tanga, mji aliokuwa akiishi Amri Athumani, yule mliyemjua kwa jina la King Majuto, na kwa mtoto wa Tanga aliyependa vichekesho hilo lilitosha kuwa shule. Nilikuwa naangalia kanda zake kwenye kibanda cha video, siku nyingine baada ya picha ya Rambo, na nikirudi nyumbani namwiga mbele ya kioo cha kabati la mama. Sauti yake sikuipata kamwe. Ila nilijaliwa uso unaotii. Nikiuambia mdomo nenda kushoto, unakwenda. Nyusi hii panda, ile baki, zinasikia. Darasani nilichapwa sana kwa ajili ya uso huu, na baadaye ndio uliokuja kunilisha.

Nilipofika Dar es Salaam, vijana wa Ze Comedy walikuwa wameshaonyesha njia, kwanza pale EATV, kisha TBC kwa jina la Orijino Komedi. Usiku wa kipindi chao mitaa ilikuwa inapoa, watu wote ndani. Sisi wa vikundi vidogo tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule, jioni, tukiamini kwamba ukishaingia kwenye televisheni umemaliza shida. Mwisho wa 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar na kila nyumba ikatafuta king'amuzi, vituo vikawa vinahitaji vipindi vya kujaza muda. Nasi tukapata nusu saa yetu kwenye kituo kimoja. Malipo yalikuwa kwa kipindi. Hukurekodi, hukulipwa. Mkataba haukusema lolote kuhusu kuugua, na nani kati yetu angeuliza?

Mhusika wangu aliitwa Nabii wa Buku Tano. Alivaa suti nyeupe inayomzidi, anauza maji ya baraka kwa shilingi elfu tano, na ukitaka yaliyopoa kwenye friji unaongeza mia tano. Alikuwa anafufua kuku walioshanyonyolewa. Akipata maono, mdomo wake unavutwa wote kushoto, jicho la kushoto linafumba, shavu linatetemeka. Watoto mitaani wakawa wananipokea kwa uso huo badala ya shikamoo.

Si wote waliocheka. Walikuwapo waliopiga simu kituoni wakisema nadhihaki watumishi wa Mungu. Msikitini mzee mmoja aliniweka pembeni akaniambia, "Mwanangu, mambo ya dini za watu yaache." Nilimjibu kwamba simwigi mcha Mungu, namwiga tapeli. Naye akanijibu kwamba jini hajui tofauti hiyo. Jibu lake lilinichekesha wakati ule. Meseji za vitisho zilikuja, nyingine saa nane za usiku. Magazeti ya udaku nayo yakaandika kwamba nimemtelekeza mke wangu kwa ajili ya msichana ninayeigiza naye. Mke wangu alikiona kichwa hicho cha habari kimetundikwa kituo cha Mwenge, akiwa na mfuko wa mboga mkononi na mimi namsubiri nyumbani. Hakununua. Lakini alinisimulia akiwa hanitazami usoni, na ndoa yetu ilikaa na baridi kwa muda. Televisheni inakupa majirani milioni moja, na wote wanajiona wana haki ya kufunua sufuria lako.

Basi nikafika masika ya 2019, siku chache kabla ya Ramadhani.

Siku ya kwanza niliumwa nyuma ya sikio la kulia. Nikasema ni upepo wa dirisha la daladala. Kesho yake asubuhi niliamka kupiga mswaki, nikasukutua, na maji yakatoka yenyewe pembeni ya mdomo, yakamwagika kifuani. Nikajaribu tena. Yakamwagika tena. Nikainua macho kwenye kioo.

Nilimwona Nabii.

Mdomo umevutwa kushoto. Upande wa kulia umelala, laini, hauna hata mkunjo. Nikauambia urudi. Haukurudi. Nikafumba macho. La kushoto likafumba. La kulia likabaki linanitazama.

Nilimwita mke wangu. Alikuja, akasimama mlangoni, akacheka. Alicheka sana, maana asubuhi zile za baridi ndani ya nyumba nilikuwa nikimtega kwa uso ule ili anune kidogo tu kisha acheke. Akasema, "Umeanza mapema leo." Binti yetu naye akaja mbio, akacheka. Mimi nikawa nasema, "Siyo mchezo, siyo mchezo," lakini midomo haikukutana, maneno yakatoka yamelowa. Wakazidi kucheka. Ilibidi nimshike mkono mke wangu, niuweke kwenye shavu langu. Hapo alinyamaza.

Zahanati ya mtaani walinipima presha, wakaikuta imepanda kidogo, wakasema ni kiharusi chepesi, nikapumzike. Neno hilo kiharusi lilifika nyumbani kabla yangu. Jioni mjomba alikuwa ameshafika na uamuzi wake: nimepigwa kofi na jini, na anajua mtaalamu nje kidogo ya mji. Nilikwenda. Mtu aliyekatwa uso anakwenda popote.

Mganga alinitazama kwa taa ya chemli. Akacheka! Akampiga mjomba begani, akaniambia, "Fanya tena, Nabii." Nikakaa kimya. "Fanya tena," akasema. Kisha alisogeza taa karibu, akaona kwamba sifanyi, na kicheko chake kikakatika. Alihesabu vitu vyake akasema nimekanyaga nisipopaswa kukanyaga kwa miaka mingi, anataka kuku mweusi na laki mbili, na anichanje chale chini ya jicho. Wembe ulikuwa umeshatoka kwenye karatasi. Nilimpigia mke wangu simu. Akasema neno moja tu, "Ondoka." Tukaondoka. Mjomba alinuna njia nzima, lakini nauli alilipa yeye.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, nesi mikoani. Usiku ule ule alipiga simu ya picha akasema, "Shemeji, kunja paji la uso kama umeshangaa." Upande wa kushoto ukapanda mikunjo. Wa kulia ukabaki kama sahani. Akaniambia ninyanyue mikono yote miwili, nitembee, niseme jina langu. Kisha akasema, "Mimi si daktari, lakini hiki sidhani kama ni kiharusi. Kesho asubuhi nenda hospitali kubwa. Usingoje keshokutwa."

Daktari alirudia yale yale na mengine zaidi. Alituchorea kwenye karatasi. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa, nyuma ya sikio. Ukivimba humo hauna pa kutanukia, unabanwa, na upande mmoja wa uso unazimika wote, paji, jicho, shavu na mdomo. Kiharusi mara nyingi hakigusi paji la uso. Wazungu wameupa ugonjwa huu jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji wa Scotland wa karne ya 19. Chanzo hasa hakijulikani vizuri, ila wengi wanawashuku virusi, ndugu wa wale wanaotoa vidonda midomoni. Wenye kisukari na wajawazito huupata zaidi. Walinipima sukari, na kwa ridhaa yangu wakanipima VVU, na kusubiri majibu yale peke yake ni ushuhuda mwingine. Yote yalikuwa salama, alhamdulillahi. Nikapewa prednisolone, ambayo alisema inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72, dawa ya matone ya jicho, mafuta ya jicho ya usiku, na plasta ya kulifunga jicho wakati wa kulala. Jicho lisilofumba hukauka, likikauka kioo chake hupata kidonda, na unaweza kupona uso ukabaki kipofu. Nilimwuliza uso utapona lini. Akasema wengi hupona, wengine kwa wiki, wengine kwa miezi, wachache hubaki na alama. Mimi nilisikia neno wachache tu.

Tulitoka hospitali tukasimama kituoni kungoja gari. Kijana mmoja akanitambua. "Nabii!" Watu wakageuka. Nikainamisha kichwa. Wakasogea, wakacheka, mmoja akanitolea noti ya buku tano. Mke wangu akawaambia, "Jamani, mgonjwa huyu." Wakacheka zaidi. Walidhani naye yumo kwenye kipindi. Nikajaribu kuwaambia mwenyewe, mate yakanitoka. Simu zikainuliwa. Kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshafika kwenye makundi ya WhatsApp. Wa kwanza walisema nimezidi kuwa hodari. Ilipojulikana ni kweli, maneno yakageuka: Nabii wa uongo kapigwa na Mungu wa kweli. Waliniombea toba watu ambao hawajawahi kuniona.

Nikuambie ugonjwa huu unavyoishi ndani ya mtu, maana labda wewe unaujua na hakuna anayekuuliza. Chakula kinajificha kati ya fizi na shavu. Chumvi huisikii upande mmoja wa ulimi. Sikio linakuwa kali, adhana ya alfajiri niliyoipenda tangu utoto ikawa inaniingia kama msumari. Herufi zinakimbia. Mimi sikuweza kusema "buku". Nilisema "uku". Jina la mhusika wangu mwenyewe lilinishinda.

Kituoni walipiga simu, wakanipa pole, wakauliza narudi lini. Nikasema sijui. Mwezi haukuisha, suti nyeupe ikavaliwa na mwingine. Siwalaumu sana, kipindi kina wadhamini. Lakini usiku ule niliangalia. Sijui kwa nini niliangalia. Yule kijana aliupinda mdomo wake kushoto, majirani upande wa pili wa ukuta wakaangua kicheko, na kisha, hatua mbili mbele ya kamera, akaurudisha.

Akaurudisha tu.

Niliingia chumbani. Nikazima taa. Nikakaa sakafuni. Kodi ilikuwa imebaki kidogo. Jicho halifungi. Plasta imebanduka kwa jasho. Nikasema, Mola wangu, kama ndivyo hivi, nichukue. Nikasema tena. Sikuwa natania. Niliogopa sauti yangu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilielewa mtu anavyofika mwisho bila kelele.

Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa basi, amelala mkekani sebuleni. Sijui alisikia au alihisi. Aliingia bila kuwasha taa, akakaa nyuma yangu, akanilaza kichwa mapajani kama nina miaka minne. Akaweka kidole chake juu ya kope ya jicho langu, akaifunga. Akasema, "Lala, baba. Nimekushikia." Nilisikia anasoma polepole. Nilipoamka kwa ajili ya daku ya wenzangu, kidole kilikuwa bado pale, na yeye kasinzia ameegemea ukuta.

Kama wewe umefika sakafu ile, nakusihi usikae peke yako. Mwite mtu. Hata kama utashindwa kusema sababu, mwite akae tu.

Ramadhani ile sikufunga. Dawa zilitaka chakula, na mgonjwa dini imempa ruhusa, nilikuja kulipa baadaye. Lakini jioni nilikaa na wenzangu kwenye futari, na uji ulikuwa unanitoka pembeni kila nikinywa. Siku ya pili mama aligawa taulo ndogo kwa kila mtu aliyekaa mkekani, mpaka mjomba, akasema joto la Dar si la kuvumilika bila kitambaa. Kila mmoja akatupia begani. Hakuna aliyesema zaidi.

Watu walinibeba. Wasanii wenzangu walichanga, wengine hela ambazo najua hawakuwa nazo. Yule mzee wa msikitini alikuja baada ya tarawehe, akaniombea dua, wala hakunikumbusha lile la jini. Mchungaji wa mtaa wetu, aliyewahi kunitaja kwenye mahubiri yake, na si kwa wema, alileta gunia la mkaa na unga, akaviweka mlangoni, akauliza kama mtoto amelipiwa ada. Wamama wa kanisa lake walikuja kumsaidia mke wangu kufua. Na mke wangu, ambaye magazeti yalisema nimemwacha, alikuwa ananikanda shavu asubuhi na jioni kwa vidole viwili kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huku mimi natamka a, e, i, o, u mbele ya kioo. Mtaalamu alisisitiza taratibu, usilazimishe, ukikaza sana unaufundisha uso makosa. Baridi ile ya Mwenge iliyeyuka wakati huo. Hatujaijadili mpaka leo.

Idd ikapita. Masika yakaisha. Uso ukawa unawashwa ndani kwa ndani, kisha siku nyingi hakuna kitu. Halafu jioni moja, mvua ya ghafla, nikiwa na mtoto barabarani, nikapaza sauti: "Bajaji!" Ikasimama. Nami nikasimama. Nilikuwa nimesema B. Midomo ilikutana! Kwa wiki nyingi nilikuwa naita "ajaji" nao wananipita. Nikamwuliza dereva nauli. Akasema buku tano. Nikasema, "Buku tano? Buku tano? Buku tano?" nikiionja, machozi yananitoka, na yeye akadhani nalia bei, akashusha mpaka elfu nne. Nilimpa zote tano.

Baada ya hapo uso ulirudi kidogo kidogo, mdomo kwanza, jicho likifuata, paji likawa la mwisho. Haukurudi wote. Nikitafuna, jicho la kulia linajikonyeza lenyewe, na mama ntilie mmoja aliwahi kunikaripia kwa mwiko mkononi kabla sijamweleza. Kazi nilianza kwa redio, ambako sura haidaiwi. Sasa niko tena kwenye televisheni, kipindi kingine, na jicho langu lina mashabiki wake. Tangu utoto nilimjua Rambo bila kujua kwamba Sylvester Stallone, mwigizaji wake, alizaliwa kwa shida, mshipa wa uso ukaumia, na ndiyo maana ya mdomo ule uliolegea. Dunia nzima inaiga mdomo ule ikidhani ni ushujaa.

Juni 2022 nilimwona Justin Bieber kwenye simu akiwaonyesha mashabiki wake nusu ya uso isiyosogea, jicho lisilofumba. Ugonjwa wake ulikuwa wa namna nyingine, unaitwa Ramsay Hunt, lakini uso ule naujua. Nilimwonyesha mama. Akauliza huyu mtoto wa nani. Nikamwambia ni mwimbaji wa Kanada. Mama akafungua mikono akamwombea hapo hapo.

Bado wapo wanaoniuliza kama Mungu aliniadhibu kwa ajili ya Nabii wa Buku Tano. Jibu langu halijabadilika. Mzee Small alituchekesha miaka na miaka, akaugua kwa muda mrefu, akafariki 2014. King Majuto aliugua, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, na ni ugonjwa wake uliofanya nchi nzima izungumze mikataba ya wasanii, ikazungumza, ikachoka. Hao sijasikia kwamba walimwiga nabii yeyote. Mwili wa mchekeshaji ni mwili. Manabii wa maji ya chupa wanaendelea kuuza, na nyuso zao zimenyooka.

Hofu haijaniacha yote, sitakudanganya. Kila alfajiri, kabla sijamwitikia mtu, napiga mluzi mdogo. Ukitoka, naamka. Upepo wa dirisha la daladala sijaweza kuukalia tena, ingawa daktari ameniambia hauna hatia.

Sasa wewe. Ukiamka uso umelala upande mmoja, nenda hospitali leo hii, usingoje Jumatatu. Kama na mkono umelegea, au mguu, au maneno yamechanganyika, kimbia zaidi, hicho kinaweza kuwa kiharusi na kila saa ina hesabu. Jicho lilinde, matone mchana, mafuta na plasta usiku. Usikubali wembe uguse uso wako. Kama umeshachelewa, nenda vilevile. Na ninyi mlio karibu na mtu ambaye mdomo wake umepinda, mwulizeni kwanza kama anaumwa, na simu ikae mfukoni.